Kupiga Picha Guangzhou, ya Kale na Mpya: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Mara ya kwanza nilikwenda Guangzhou kama mbeba mizigo wa shangazi yangu, anayefuata vitambaa vya mapazia vya kuuza Kariakoo. Yeye akiingia sokoni, mimi nabaki na kamera na siku nzima ya kuzurura. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, na kila nikiweka picha, simu haitulii. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Ukiniuliza tena nitakutumia ukurasa huu, usinune.

Kwa nini Guangzhou? Si bora Beijing au Shanghai?

Kwa sababu ndiko tunakoenda. Simama foleni ya uhamiaji pale uwanja wa Baiyun ndege ya kutoka Addis Ababa ikiwa imetua, utasikia Kiswahili cha Dar, cha Nairobi, cha Bujumbura na cha Lubumbashi kwenye mstari mmoja. Hao wote wanakaa wiki moja au mbili, wanafunga mzigo, wanarudi. Picha walizo nazo ni za maboksi. Mji wenyewe hawajauona.

Halafu ni mji wa bandari, na sisi watu wa pwani bandari tunaijua. Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameutaja katika habari za safari yake kwa jina la Sin Kalan. Sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi nazo ni za biashara hiyo ndefu. Ukienda kwenye makumbusho ya mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa huku kusini, kaburi lililogunduliwa mwaka 1983 watu wakichimba msingi wa majengo, utaona pembe tano za ndovu ambazo makumbusho yenyewe yanazieleza kuwa ni za ndovu wa Afrika. Kaburi hilo lina zaidi ya miaka 2,000. Mimi nilisimama mbele ya kile kioo muda mrefu, nikasahau hata kupiga picha.

Na kuna sababu ya tatu, ambayo ndiyo yangu hasa. Beijing vitu vingi vimepangwa vitazamwe. Guangzhou mtu anaanika chupi dirishani, na nyuma yake limesimama ghorofa la mita 530, na hakuna aliyepanga lolote.

Kaka, nina siku mbili tu kabla ya ndege. Nianzie wapi?

Usianze na orodha ya vivutio. Anza na mistari miwili.

Mji wa zamani una mstari wake, unashuka kutoka kilima cha Yuexiu hadi mtoni. Juu kabisa kuna Zhenhai, mnara mwekundu wa ghorofa tano uliojengwa mwaka 1380, leo ni makumbusho ya mji. Chini yake kuna Ukumbi wa Ukumbusho wa Sun Yat-sen wenye paa la vigae vya buluu, wa mwaka 1931. Unaendelea kushuka hadi uwanja wa Haizhu, na hapo unakutana na daraja la chuma la mwaka 1933, la kwanza kuvuka Mto Lulu katika mji huu. Askari waliokuwa wakirudi nyuma walililipua mwaka 1949, likatengenezwa tena.

Mji mpya nao una mstari wake, kilomita chache upande wa mashariki. Unaanzia stesheni ya treni ya Mashariki, unapita viwanja vya michezo vya Tianhe, unaingia bustani ndefu ya Huacheng katikati ya maghorofa, unaruka kisiwa cha Haixinsha na kuishia kwenye Mnara wa Canton (Canton ni jina la zamani la mji huu) ng'ambo ya mto. Waliouchora walijua wanachofanya: ni mstari ule ule wa kilima, uwanja na mto, ila umerudiwa kwa kioo na chuma.

Siku ya kwanza tembea mstari wa zamani kwa miguu kuanzia asubuhi. Siku ya pili lala hadi saa nne, kisha nenda mstari mpya mchana uchunguze, ubaki hadi giza. Magharibi ya mji, yaani upande wa Liwan, utaufikia kwa kuiba saa tatu za siku ya kwanza. Najua siku mbili hazitoshi. Hata kumi hazitoshi.

Nasikia mji wa zamani umebomolewa wote. Kuna kilichobaki kweli?

Kimebomolewa kingi. Kilichobaki ni kingi pia, ila hakiko mahali pamoja, inabidi ukifuate.

Nikiambiwa nichague kimoja tu, nitachagua jumba la ukoo wa Chen. Ni jengo lililokamilika mwaka 1894, fedha zikiwa zimechangwa na familia za jina la Chen kutoka wilaya nyingi za mkoa wa Guangdong, ili vijana wao wakija mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Kiingilio ni yuan 10 hivi. Watu wanaingia, wanapiga picha ya ua, wanatoka. Makosa. Inua macho. Kule juu, kwenye mgongo wa paa, kuna mji mzima wa udongo wa kuchoma: watu wadogo mamia kwa mamia, wapanda farasi, mabibi kwenye roshani, waigizaji wa tamthilia, popo, samaki wanaokaribia kuruka. Udongo huo ni wa Shiwan, kule Foshan jirani. Chini yake kuna mapambo ya chokaa yaliyofinyangwa kwa mkono na kupakwa rangi papo hapo. Siku moja nilikaa kwenye ngazi na lenzi ndefu, nikaona sanamu moja ya mzee ameshika sikio kama anayesema "hebu rudia". Sikuwahi kumwona tena siku nyingine, nimemtafuta. Lango linatazama kusini, kwa hiyo nenda mapema: jua la asubuhi linapita pembeni na kila sanamu inapata kivuli chake. Jua la utosini linawafanya wote kuwa bapa.

Nyingine ni mitaa ya qilou. Haya ni maghorofa ya maduka ya miaka ya 1920 na 1930 ambayo sehemu ya chini imerudi ndani, ghorofa la juu limeegemea nguzo, na mpita njia anatembea chini yake bila kupigwa na mvua wala jua. Mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa: ni baraza moja ndefu ya mtaa mzima. Barabara ya Enning ina mabaraza mazuri. Pale Yongqing Fang wamekarabati kila kitu na kuweka mikahawa. Ni pasafi, panapendeza, na kila mtu ana picha ile ile. Tembea dakika kumi zaidi kwenye vichochoro vya nyuma, ambako fundi vyungu vya shaba anagonga kazi yake na paka amelala juu ya mizani.

Kisiwa cha Shamian kilikuwa fungu la mchanga walilopewa Waingereza na Wafaransa baada ya Vita vya pili vya Afyuni. Majengo ya kibalozi, miti mikubwa, kivuli kizuri, na maharusi wasiohesabika na wapiga picha wao. Nenda siku ya kazi.

Kanisa la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji huliita Nyumba ya Mawe, limejengwa kwa matale kuanzia mwaka 1863 hadi 1888. Linatisha kwa ukubwa ukitokea ghafla kwenye mtaa wa wauza samaki wakavu na vitu vya plastiki. Picha yangu bora pale haina kanisa zima: ni mnara mmoja tu, na mbele yake mkokoteni umepakia mapira ya watoto.

Mnara wa Canton unapigwa vizuri kutoka wapi?

Una mita 600, ulikamilika mwaka 2010 kabla ya Michezo ya Asia, na wenyeji wanauita "kiuno chembamba". Ni mtu na kiuno chake, ndiyo maana kila pembe unaonekana umejipinda tofauti.

Wengi husimama Haixinsha au Huacheng, upande wa kaskazini wa mto. Mchana wa miezi ya baridi hapo unalitazama jua usoni, picha inatoka na mnara mweusi na anga jeupe. Pale ni pa jioni. Mimi napenda daraja la Liede, lililoko mashariki ya mnara. Ukitazama magharibi jua likizama, mnara uko kushoto, maghorofa ya mji mpya kulia, na mto katikati unabeba rangi zote mbili. Kuna njia ya miguu, ila daraja linatikisika malori yakipita, kwa hiyo ukitumia stendi ya kamera subiri pengo kati ya magari.

Kupanda juu? Tiketi zinaanzia yuan 150 hivi, na kutoka juu mnara wenyewe huuoni. Shangazi alipanda, alifurahi. Mimi ningepanda siku ya hewa safi tu.

Usianze na chakula cha jioni ukisema taa utazikuta. Saa nzuri ni ile nusu saa baada ya jua kuzama, anga likiwa bado na buluu. Likishakuwa jeusi, taa zinaungua na mnara unageuka pambo la keki.

Wapi napata kale na jipya ndani ya picha moja?

Hili ndilo swali ninalolisubiri.

Jibu la haraka ni Liede. Kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima, pembeni ya mto, kikajikuta katikati ya mji mpya wa biashara. Mwaka 2007 kilibomolewa karibu chote, wanakijiji wakarudi mwaka 2010 kwenye maghorofa marefu yaliyojengwa pale pale. Lakini walikubaliana nyumba za mizimu ya koo zao zijengwe upya kandokando ya kijito, kuta za matofali ya kijivu na mapaa yenye masikio. Siku ya kawaida utawakuta wazee wanacheza karata mbele ya nyumba hizo, na juu ya mapaa kuna ukuta wa kioo usioisha.

Siku zinazozunguka sikukuu ya mashua za joka, tarehe tano ya mwezi wa tano kwa kalenda yao, ambayo kwetu huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, kijito kile kinajaa mashua za vijiji jirani. Vijiji vya huku vina desturi ya kuzika mashua zao kwenye matope chini ya maji mwaka mzima ili mbao zisikauke na kupasuka, kisha huzifukua sikukuu ikikaribia. Zinaoshwa, zinapakwa mafuta, zinafungwa kichwa cha joka. Ngoma, fataki, maji yanaruka hadi kwenye lenzi. Njoo na taulo. Nilipiga picha mia nne siku hiyo na nikabaki na tatu. Ninayoipenda ni ya mpiga kasia aliyepumzika, amelaza kasia mapajani, anasoma ujumbe kwenye simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Jibu la pili ni vijiji vilivyomezwa na mji ambavyo havijajengwa upya. Shipai ni mfano. Nyumba zimekaribiana kiasi kwamba wenyeji wanaziita nyumba za kupeana mikono: wa dirisha hili anaweza kumsalimia wa dirisha lile bila kunyoosha mkono sana. Waya za umeme ziko juu kama mboga zilizotundikwa. Ukitoka kwenye kichochoro unakutana na maduka ya kompyuta yenye vioo vya ghorofa kadhaa. Ingia kwa adabu, ni nyumbani kwa watu, na wengi wao ni wapangaji wa kipato kidogo waliotoka mikoani.

Jibu la tatu liko chini ya miguu yako. Barabara ya Beijing ni mtaa wa maduka, makelele matupu. Katikati yake kuna vioo vilivyofunika shimo, na ndani yake matabaka 11 ya barabara ile ile, moja juu ya jingine, kuanzia enzi ya wafalme wa Tang (karne ya 7 hadi ya 10) hadi karne iliyopita. Yaligunduliwa mwaka 2002. Watu wanapita juu na mifuko ya viatu. Weka lenzi iguse kioo, funika na koti kuzuia mng'ao, na usimame usiku taa za ndani zinapowaka.

Naweza kuingia kwenye ule msikiti wa zamani?

Unauliza Huaisheng, kwenye barabara ya Guangta. Ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa China. Jina lake lina maana ya kumkumbuka Mtume. Mnara wake, wa mita 36 hivi, hauna ghorofa wala mapambo: ni nguzo ya mviringo iliyopakwa chokaa nyeupe, na zamani taa yake iliongoza majahazi mto ulipokuwa ukipita karibu zaidi. Nilipouona mara ya kwanza akili yangu iliruka hadi nguzo ya Mbaraki kule Mombasa. Ukungu mweupe wa asubuhi, nguzo nyeupe, sikuhitaji rangi nyingine.

Ukienda kuswali, nenda uswali. Kamera ibaki kwenye mfuko hadi utoke, na umwombe mlinzi. Kwa asiye Mwislamu, mara nyingi utaishia langoni. Mnara unaonekana vizuri kutoka nje ukitembea kufuata ukuta, juu ya matawi.

Mapokeo ya wenyeji yanasema Saad ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ndiye aliyeujenga, na kuna kaburi linaloitwa lake karibu na Yuexiu. Wanahistoria wengi wanamweka Madina. Kaburi lile hata hivyo lina bustani tulivu na Ijumaa watu wa rangi zote duniani wanasali pale, wakiwemo wetu wengi. Ni picha ya watu wenye imani kazini: usiwapige wakiwa kwenye sala.

Na Xiaobei? Nikapige wenzetu?

Taratibu hapo. Xiaobei na Sanyuanli ndiko wafanyabiashara wa Kiafrika walikojazana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Utakula ugali, utasuka nywele, utapeleka mzigo kwa wakala. Lakini wengi wamechoka kupigwa picha na waandishi wanaotaka "Waafrika wa China" kama kichwa cha habari. Kuna mwenye karatasi zake sawa na mwenye wasiwasi nazo, na wewe huwezi kujua nani ni nani. Dada mmoja mwenye mgahawa aliniambia, "Mdogo wangu, kula kwanza. Ukirudi kesho ndiyo utoe hicho kidude." Nilikula, nikarudi kesho yake, nikapiga mikono yake ikikanda unga. Sura sikupiga, na haikuhitajika.

Kupiga picha watu mtaani inaruhusiwa?

Sheria yao ya kiraia iliyoanza kutumika Januari 2021 inamlinda mtu juu ya sura yake, kwa hiyo usiuze wala kutangaza biashara na uso wa mtu bila ridhaa. Mtaani watu kwa kawaida hawana shida. Jifunze kuuliza kwa Kikantoni, maana Guangzhou Kikantoni kinafungua nyuso kuliko Kimandarini: "ho m ho yi ying seung?" Ukikosea matamshi watacheka, na hapo ndipo penye picha. Ukimaliza sema "m goi", yaani asante.

Bustani ya Yuexiu asubuhi ndiyo shule. Wanacheza dansi, wanarusha kijimpira chenye manyoya kwa miguu, wanaimba. Kulikuwa na mzee anaandika maandishi makubwa juu ya mawe ya sakafu kwa brashi ndefu na maji ya ndoo. Nilimwomba ruhusa, akaitikia kwa kichwa. Nikainama kubadili lenzi. Nilipoinuka herufi mbili za kwanza zilikuwa zimeshakauka na yeye anaendelea na ya tano.

Katika bustani hiyo kuna pia sanamu ya mawe ya mbuzi watano, ya mwaka 1960. Hadithi inasema watakatifu watano walishuka wamepanda mbuzi, wakawapa watu masuke ya mpunga. Kila mtalii anaipiga. Piga na wewe, yaishe.

Nini hakiruhusiwi?

Askari, polisi, majengo ya jeshi, ukaguzi wa uwanja wa ndege: acha. Stendi ya kamera kwenye viwanja vya mji mpya inaweza kumleta mlinzi. Mimi nimefukuzwa mara mbili, kwa upole, huku watu kumi pembeni wakipiga kwa simu zenye stendi ndogo. Sijui mantiki yake na sikubishana.

Droni acha nyumbani kama ni safari ya kwanza. Zote lazima zisajiliwe kwa jina halisi, na sehemu kubwa ya katikati ya mji hairuhusiwi kurushwa.

Mwezi gani mzuri? Na saa?

Oktoba hadi Desemba. Hewa kavu, anga safi kiasi. Jihadhari na vipindi vya Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara, Aprili hadi mwanzo wa Mei na Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Yapo tangu 1957 na bei za hoteli hupanda kama maji ya bamvua. Aprili hadi Juni mvua. Julai hadi Septemba joto na tufani.

Saa za huko ziko mbele yetu kwa saa tano. Desemba jua linazama kama saa 12 kasoro robo jioni, Juni saa 1 na robo. Mchana wa Juni jua liko utosini kabisa, kwani mji uko karibu na mstari wa Tropiki ya Kansa. Wakati huo kaa chini ya baraza za qilou upige kivuli.

Lenzi yangu iliingia ukungu. Imeharibika?

Haijaharibika. Umetoka chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye hewa iliyojaa maji. Funga kamera ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kutoka, iache humo nusu saa ipate joto polepole. Mwishoni mwa majira ya baridi kuna siku ambazo wenyeji wanasema kusini kumerudi: kuta zinatoka jasho, sakafu ya lifti inateleza, nguo hazikauki. Mimi siku hizo niliweka vifuko vya kunyonya unyevu, vile vya kwenye maboksi ya viatu. Shangazi alinikusanyia mkoba mzima sokoni.

Simu inatosha?

Inatosha. Kama una kamera, chukua lenzi moja ya milimita 35 na moja ndefu kwa ajili ya mapaa ya Chen. Lenzi pana inakufanya uone kila kitu na usichague chochote.

Pawabenki, chaja, mtandao, malipo?

Tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani cheti cha usalama cha China. Angalia ya kwako kabla ya kufika, la sivyo itabaki kwenye kapu la ukaguzi. Plagi zao si za pini tatu nene kama zetu, beba adapta. Umeme ni volti 220, hapo hakuna tatizo.

WhatsApp, Instagram na huduma za Google hazifunguki kwa mtandao wa huko. Laini ya nje yenye rominga kwa kawaida inafungua, kwa hiyo ipange kabla ya kuondoka. Kwa malipo, weka programu ya Alipay au WeChat na uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard ukiwa bado nyumbani. Hata mama wa viazi vitamu vya kuchoma ana karatasi ya msimbo wa QR wa malipo shingoni. Metro inaanzia yuan 2 na kila ukiingia mfuko unapita kwenye mashine. Mwenye filamu aombe ikaguliwe kwa mkono, ingawa hujibiwa ndiyo siku moja na hapana siku nyingine.

Pasipoti itembee nawe: makumbusho mengi yanaiuliza, na mengi hufungwa Jumatatu. Ukifikia kwa rafiki badala ya hoteli, jiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Ninunue kamera huko huko?

Vifaa vidogo, ndiyo: mikanda, mifuko, taa. Betri niliyonunua kwa bei ya kunifurahisha kwenye duka moja la ghorofa ya tatu ilivimba kama andazi kabla sijafika Dar. Mwili wa kamera sinunui bila risiti na dhamana inayofanya kazi kwetu.

Wenyeji wakitaka kupiga picha na mimi?

Watataka. Hasa wageni wa mikoani waliokuja kutembea, utaona simu inakuelekea bila hodi. Kuna siku inachekesha, kuna siku inachosha, na una haki ya kusema hapana. Mimi nina bei yangu: ukinipiga, na mimi nakupiga. Mama mmoja wa Shamian alikubali, akaweka mkoba chini, akachana nywele, akaita mume, akamwita na mjukuu, na wakasimama kama kwenye picha ya ukutani. Halafu akafungua WeChat nimtumie. Nilimtumia jioni ile ile nikiwa kwenye metro. Hadi leo kila mwaka mpya wao unapofika ananiletea picha ya bakuli la maandazi ya mvuke, bila neno hata moja.